Kichekesho cha Kila Jumapili

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumba ya mama yake Daktari ilijaa watu kama kuna posa. Shangazi alikuja na kiti chake, mjomba akashika nafasi ya dirishani, jirani wa nyuma akaleta wajukuu, na mama mtu akaiweka simu juu ya stuli katikati ya sebule na kufungua spika. Wote hao walikuwa wanamsubiri Daktari awachekeshe.

Daktari mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha nchi ya mbali, akijifunza kutengeneza meno ya bandia: kukoroga plasta, kuyeyusha nta, kupanga jino moja baada ya jingine kwenye ufizi wa plastiki. Lakini ukoo ukishakuvika cheo, wewe ni nani wa kukivua?

Mambo ya kuchekesha yalianza bila kupangwa. Tangu baba azikwe, mama yake hakuwa amecheka hata mara moja. Siku ya kwanza kijana alipopiga simu kutoka ugenini, mama alipokea kwa kilio. Ili naye asilie, kijana akasimulia alivyokaribishwa mezani na familia iliyompokea. Mama mwenye nyumba, fundi wa kushona mapazia, alimwambia aongeze chakula. Yeye, kwa adabu alizolelewa nazo, akasema ameshiba, akingoja abembelezwe kidogo. Nani ambembeleze? Sufuria iliondolewa palepale, ikafunikwa, naye akabaki anaikodolea macho meza tupu. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Kijana alipokisikia kicheko kile akajiapiza kwamba atakitafuta kila wiki.

Na vituko havikukosekana. Aliambiwa ajione yuko kwao, naye masikini akaamini. Asubuhi moja akadamka, akakuta kapu limejaa mapazia, akayafua yote ili kumpunguzia mama mwenye nyumba kazi. Kumbe yalikuwa ya mteja, tena ya kitambaa kisichotaka kuonana na maji. Yalipokauka yalikuwa yamenywea, yanatosha dirisha la choo tu. Siku nyingine akajifungia nje akiwa na taulo tu kiunoni, na aliyekuja kumwokoa ni baba mwenye nyumba, mkaguzi wa mita za maji, aliyekuwa anarudi kutoka kazini na wenzake wawili. Sebule ya mama ililia kwa kucheka. Mjomba akawa hata salamu haitaki tena. "Tupe ile ya taulo!" ndiyo ilikuwa shikamoo yake, mtu mzima yule.

Ambacho hakikusimuliwa ni kwamba baada ya mapazia yale, mama mwenye nyumba alikaa wiki nzima bila kumsemesha. Wala hakusema kwamba njaa ya siku ya kwanza haikuisha. Kukubali haraka hakuwa amezoea, na kuomba alikuwa hawezi, kwa hiyo suruali zilianza kumvuka. Alilala katikati ya vyerehani vibovu na marobota ya vitambaa ambayo hakuna aliyefikiria kuyasogeza. Karakana ya chuo nayo ilikuwa inamshinda, mwalimu akimrudishia kazi mbele ya wenzake. Alichokitaka kilikuwa neno moja tu kutoka kinywani mwa mama: rudi. Bila kuitwa asingethubutu, maana Daktari anarudije kwao na mikono mitupu? Kila Jumapili alipiga simu akiwa amejiandaa kusema ukweli, na kila Jumapili alikuta spika imeshafunguliwa.

Mtu pekee aliyemwonea huruma mle ndani alikuwa babu, baba wa fundi wa mapazia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mezani, huku wengine wakiongea, babu alikuwa anamsogezea mkate wake kimyakimya. Haukuwa ukarimu mtupu, maana mkate wenyewe alikuwa hawezi kuutafuna. Meno yake ya chini ya bandia yalikuwa yanamchoma ufizi, na Jumamosi ya wiki ile mjukuu wake alikuwa anaolewa, naye ndiye msemaji wa familia. Siku nzima alikuwa jikoni anafanya mazoezi ya hotuba, mkono shavuni.

"Panauma wapi, babu?" kijana alimwuliza, wamekaa wanatazamana.

"Hapa." Mzee akagusa upande mmoja wa taya. "Harusi ikipita nitakwenda hospitali. Sasa hivi usiwaambie, wataanza kunifanya mtoto."

Ijumaa mchana mzee alipojipumzisha na kuyaacha meno kwenye kikombe, kijana aliyafunga kwenye leso akaenda nayo mbio chuoni. Alitaka kuwafurahisha. Angeyarekebisha, babu angevaa aone raha, halafu mezani ingejulikana ni kazi ya nani, na labda kuanzia hapo angeonekana mtu. Mwalimu wa karakana alikuwa ameshasema mpaka amechoka: usisage kitu kabla hujakitia alama kinywani mwa mwenyewe. Lakini mwenyewe alikuwa amelala. Kijana akakumbuka mkono wa mzee ulipogusa, akawasha mashine, akasaga upande huo.

Alisahau jambo ambalo hata mtoto anayecheza mbele ya kioo analijua. Walikuwa wanatazamana, na kulia kwa babu kulikuwa kushoto kwake. Alisaga upande usiouma na kuuacha unaouma. Alikuja kushtuka wakati wa kung'arisha, na badala ya kukimbilia kwa mwalimu, akasaga na upande wa pili ili zilingane. Zikalingana kweli, meno yakang'aa kama mapya, na hayakushika tena mahali popote. Akayarudisha kikombeni kimyakimya, na mzee, ili kupumzisha ufizi, hakuyavaa tena mpaka ukumbini.

Jumamosi ukumbini babu alisimama amevaa suti iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alipotamka neno la kwanza, meno ya chini yalipanda. La pili, yakagonga kipaza sauti. Wageni wakadhani mzee mcheshi, wakacheka. Yeye akadhani hotuba imewaingia, akaongeza sauti. Alipofika kumtaja marehemu mke wake, meno yaliruka yakatumbukia kwenye glasi ya juisi ya mama mkwe wa bibi harusi. Ukumbi ulilipuka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Babu aliziba mdomo kwa kiganja, akawatazama wageni wale kama darasa lisilo lake, kisha akakaa bila kumaliza. Bibi harusi alitolewa nje analia.

Kesho yake asubuhi kijana alikiri mwenyewe. Fundi wa mapazia alikuwa amesimama jikoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Ulimwuliza?"

"Hapana, mama. Nilitaka kusaidia."

"Na mapazia ulitaka kusaidia." Hakupandisha sauti. "Baba yangu amejifungia chumbani, chai hataki, kuonekana hataki. Kusanya vitu vyako. Chuoni nitaongea nao kesho, watajua wenyewe pa kukuweka."

Kijana akaenda kwenye mlango wa babu, akabisha. "Babu, ni mimi niliyeyasaga. Nisamehe." Kitanda kililia kidogo upande wa pili, kama mtu amegeukia ukutani. Baba mwenye nyumba akambebea begi mpaka getini kwa heshima zote, na heshima ile ilimuuma kuliko matusi.

Saa ya simu ilipofika alikuwa amekaa stendi ya mabasi, begi katikati ya miguu.

"Amepiga! Nyamazeni, amepiga!" Ilikuwa sauti ya mama.

"Mama, leo naomba uzime spika."

"Nizime? Shangazi yako kajikokota na goti lake bovu mpaka hapa, halafu nizime spika? Sema, mwanangu, tumeshakaa."

"Mama, wamenifukuza."

"Ehee, kaanza!" mjomba akadakia.

Akawaeleza yote kama yalivyokuwa, bila chumvi hata kidogo, na ukweli ukamponza. Alipofika kwenye glasi ya juisi, kiti cha mtu kilisikika kikianguka. Aliposema mzee amejifungia chumbani, jirani wa nyuma akauliza kama amejifungia na glasi.

"Sitanii jamani! Sina pa kulala. Niko stendi." Sauti ikamkatika, akaanza kulia kweli, mbele ya abiria.

Kule sebuleni shangazi akapiga makofi. "Mtoto huyu! Hata kulia anajua kuigiza!"

"Mama," akasema, "nirudi?"

"Urudi ufanye nini, na wewe ndiye Jumapili yetu?" Mama alikuwa anahema kwa kucheka. "Mwenzio nashinda wiki nzima kimya, nangoja siku hii. Usinikatishie utamu. Haya, mzee akafanyaje?"

Kijana akamchukia mama yake. Hakuwahi kumchukia kabla, na palepale akajichukia na yeye, kwa sababu ndiye aliyewafundisha kucheka. Akafuta uso kwa mkono wa shati. Akamfikiria babu aliyemsogezea mkate, amelala anatazama ukuta, na akajua uongo anaotaka kusema hautamrudisha kwa babu wala kwa mama.

"Mzee?" akasema. "Mzee hata hakutikisika, mama. Akamwinamia mama mkwe, akamwomba mrija."

Ilibidi aisogeze simu mbali na sikio. Walicheka wote, wakubwa kwa watoto, na kicheko cha mama yake kilikuwa juu ya vyote. Kilipotulia, mama akavuta pumzi, akasema kwa mapenzi yake yote:

"Mwanangu, Mungu akuweke hukohuko."

"Amina, mama," akajibu.