Krismasi Mbili za Mpishi Gerasimo

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. La, siyo tisini na tatu. Mwaka huo meli ya Alcione ilikaa kiangazi kizima gatini Piraeus ikibadilishwa mlingoti wa mbele, na Gerasimo alishinda nyumbani akimkera mkewe jikoni. Basi ni tisini na nne, mwezi wa tisa, wiki ya mwisho. Hapo hakuna ubishi, maana siku ile alikuwa anamenya vitunguu vya karamu ya daktari mmoja wa Milano aliyetimiza miaka sitini, na vitunguu vile havikupikwa.

Alcione ilikuwa meli ya matanga ya milingoti mitatu, meli ya watalii. Iling'oa nanga Napoli, ikagusa Lipari, ikapenya mlango wa bahari wa Messina, ikalala Otranto, kisha ikavuka kwenda Korfu, Ithaka, Kefalonia, mpaka Nafplio, halafu ikageuza. Abiria walikuwa hamsini hivi. Siku ya kwanza wote walitaka kuvuta kamba. Siku ya pili viganja vimewaka moto, wakaona afadhali kutazama.

Gerasimo Katevatos alikuwa mpishi wa meli hiyo, mtu wa Kefalonia, mnene wa wastani, mwenye ugonjwa wa kuuliza. Alimuuliza fundi mitambo kwa nini mafuta machafu yanateleza kuliko yaliyo safi. Aliwauliza abiria bibi zao walipika nini siku ya mvua. Hata samaki alimpasua kwanza tumbo aone alikula nini, ndipo amkaange.

Aliyekuwa hamjibu ni mmoja tu, Onofrio Restuccia, mshona matanga, mzee wa Lipari. Ujana wake Onofrio aliumalizia kwenye machimbo ya lile jiwe jeupe jepesi la kisiwani kwao, na vumbi lake lilikuwa bado limo kifuani. Akicheka alikohoa, kwa hiyo alicheka kwa nadra. Gerasimo alimwita Barba, ndivyo wanavyoitwa wazee wa bahari kwao. Onofrio alimwita Mgiriki.

"Kahawa yako hii, Mgiriki, nikiimwaga itaota nyanya."

"Ya kwenu, Barba, nikipiga chafya imekwisha."

Mazungumzo yao kwa mwaka mzima yalikuwa hayo.

Siku hiyo walikuwa katikati ya Otranto na Korfu. Upepo ulikuwa umekufa, matanga yamelegea kama nguo zilizoanikwa. Upande wa kusini wingu lilikuwa limeinama, na tumboni mwake kikateremka kisulisuli cha maji, chembamba, kirefu, kikizunguka na kuinyonya bahari. Watu wa Lipari hukiita mkia wa panya. Abiria walikimbilia kamera zao. Nahodha Ermanno alikimbilia usukani akaagiza injini iwashwe. Injini ikakohoa, ikagoma. Mkia ukawa unakuja.

Onofrio aliweka sindano chini, akaja mpaka mlango wa jiko.

"Mpishi, nipe kisu."

"Kipi?"

"Chenye mpini mweusi."

"Cha nini?"

"Nipe kwanza. Maswali yatapoa kidogo, hayaozi."

Kisu kile Gerasimo alikirithi kwa babu yake, baharia, ambaye kisulisuli kikitokea alikuwa akikichomeka kisu hicho kwenye mlingoti. Kwa bahati mbaya Gerasimo alirithi kisu tu. Maelezo yake yalizama na babu. Alimfuata mzee mpaka omo, mbele kabisa ya meli, kitunguu bado kimo mkononi. Akamwona anainua kisu, midomo inacheza bila sauti, halafu anakata hewa mara tatu taratibu, kama mtu anayekata kitambaa ambacho hataki kukiharibu.

Mkia ukakatika. Ulikatika palepale, katikati, kama uzi. Nusu ya juu ikavutwa winguni, nusu ya chini ikaanguka baharini kwa kishindo. Hapo ndipo injini nayo ikawaka.

"Ulikuwa unakatika wenyewe," alisema Nahodha Ermanno huku akijifuta jasho. "Yote hukatika."

"Hukatika, ndiyo," alisema Onofrio. Akamrudishia Gerasimo kisu chake. "Butu hiki. Kinanuka vitunguu."

Kuanzia saa hiyo Gerasimo hakupata raha. Alimwekea mzee kipande kikubwa cha pai ya nyama, akauliza. Alimtilia nyuzi sindanoni, akauliza. Mwisho, Ithaka, wamekaa gatini miguu inaning'inia juu ya maji, Onofrio alichoka.

"Sikiliza, mkaidi wewe. Ni maneno. Machache. Nilipewa na mjomba wangu, mkesha wa Krismasi, baada ya jua kuzama na kabla kengele ya misa haijalia. Hutolewa wakati huo peke yake. Ukimpa mtu siku nyingine, yanakuwa upepo tu, kwako na kwake."

"Na wewe utampa nani?"

Mzee aliitazama meli. Mwana alikuwa naye mmoja, binti, yuko Melbourne, ana duka la maua.

"Nilimtajia kwenye simu. Alicheka, akaniuliza kama nakunywa dawa zangu. Na hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Daktari wa Messina amekitazama kifua changu akaanza kuniongelesha habari za hali ya hewa."

"Basi nipe mimi, Barba."

"Wewe? Mdomo wazi kama chungu?"

"Cha kuuliza nauliza. Umewahi kunisikia nikisema nilichoambiwa?"

Onofrio alifikiri. Ilikuwa kweli.

"Njoo Lipari mkesha wa Krismasi," alisema. "Siku hiyo usikose. Za mwakani siziahidi."

Sasa, nyumbani kwao Gerasimo Krismasi ilikuwa mbili. Mkewe aliifanya Desemba ishirini na tano kama watu wote wa mjini. Mama yake, kule juu mlimani, alikuwa wa kalenda ya zamani, iliyo nyuma kwa siku kumi na tatu, na aliifanya Januari saba. Gerasimo alikula kotekote. Mwaka huo alimuaga mkewe kwa maneno mazuri, akampelekea mama yake unga na mafuta, akaondoka Desemba kumi na tisa. Alichukua feri mpaka Brindisi, garimoshi mpaka Milazzo, na mkobani alikuwa na pai ya nyama na kile kisu, kimenolewa.

Milazzo akakuta bahari imefungwa. Upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umeshuka, hakuna chombo kinachotoka. Alikaa chumba cha juu ya duka la samaki siku moja, mbili, tano. Kila asubuhi alikiona kisiwa, karibu namna ile, kama sahani iliyowekwa upande wa pili wa meza. Tarehe ishirini na nne jua lilizama yuko dirishani na pai yake. Kengele za Milazzo zikalia. Akaila ile pai peke yake, yote, kwa hasira.

Alifika Lipari tarehe ishirini na nane. Mlango ulifunguliwa na Nunziatina, dada yake Onofrio, mwanamke mdogo mwenye sauti ya watu wawili.

"Ndiye wewe Mgiriki? Nofrio, amefika Mgiriki wako! Mkesha umepita, mwezi nao unakwisha, yeye ndiyo kwanza anapiga hodi! Na ile pai Nofrio anayoisimulia iko wapi?"

"Nimeila, mama."

"Ameila! Ingia, angalau una haya usoni."

Onofrio alikuwa kitandani karibu na jiko, amepungua, macho yakiwa yaleyale.

"Umechelewa," alisema.

"Bahari ilifungwa, Barba."

"Najua. Nilikuwa naitazama. Basi mwakani."

"Mwakani utamkuta makaburini," alisema Nunziatina akikatakata mboga, "na kule haongei. Ingawa na hapa pia haongei sana."

Gerasimo alikaa kwenye kiti, akawa anaitazama kalenda ya ukutani, ya duka la mkate, yenye picha ya mtakatifu. Akaitazama mpaka mboga zikaiva. Kisha akasema, kama anayejisemea:

"Mama yangu bado hajafanya Krismasi."

"Anangoja nini?" aliuliza Nunziatina.

"Kalenda yake. Mkesha wake ni Januari sita."

Onofrio aligeuza kichwa taratibu.

"Kwani Bwana alizaliwa mara ngapi?"

"Mara moja, Barba. Wanaogombana ni wanaohesabu."

Kesho yake mzee alimtuma dada yake kwa padri akamuulize. Nunziatina alirudi akisema padri ameuliza nani tena huyu aliye mgonjwa, kisha amesema yeye asihusishwe. Siku ya tatu Onofrio aliuliza ikiwa mama yake Gerasimo ni mtu mkweli. Siku ya nne aliuliza ikiwa kanisani kwake wanapiga kengele. Ya tano alikohoa tu. Gerasimo, aliyezoea kuuliza yeye, alijikuta anajibu siku nzima, huku anapaka chokaa ukuta wa jiko na kuchambua kapari za Nunziatina, vile vitumba vya maua vya kutiwa chumvi, moyo juu. Kila asubuhi alisikiliza kwanza kama mzee anapumua.

"Kengele ndiyo inanitatiza," alisema Onofrio asubuhi ya Januari sita. "Mkesha wenu, sawa. Lakini hapa nani atapiga kengele?"

"Leo ni sikukuu ya Wafalme Watatu, mpumbavu wewe," alisema Nunziatina. "Misa ipo jioni. Kengele italia kama kawaida."

"Inalilia jambo jingine."

"Kengele inajua inalilia nini?"

Onofrio alilitafakari hilo mpaka mchana. Jua lilipogusa bahari akamwambia dada yake atoke. Nunziatina alitoka akisonya, akafunga mlango. Lilipozama, Gerasimo aliinamisha sikio mpaka kwenye midomo ya mzee. Kengele ilipoanza kulia, Onofrio alikuwa ameshamaliza, amefumba macho.

"Yameingia?" aliuliza.

"Yameingia."

"Basi mimi sinayo tena," alisema, na akakohoa kile kikohozi chake cha kucheka.

Alizikwa mwezi wa tatu.

Gerasimo alirudi melini na maneno yake, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jambo asiloweza kumuuliza mtu. Yangefaa? Mzee alikuwa ameyatoa kwa Krismasi ya watu wengine. Huenda alikuwa amebeba upepo tu. Alitamani mkia wa panya utokee, akauogopa vilevile.

Ulitokea Septemba, mahali palepale, kati ya Otranto na Korfu, asubuhi. Safari hii injini iliwaka vizuri, lakini mkia ulikuwa mnene, na kila meli ikigeuka nao uligeuka. Nahodha Ermanno aliutazama tu mlango wa jiko.

Gerasimo alikwenda omo na aproni yake na kile kisu. Mama mmoja wa Kidachi alimuuliza chakula cha mchana kitachelewa? Hakumsikia. Aliyasema maneno yote, hata moja halikumtoroka, akakata hewa mara tatu.

Mkia ukaendelea kuja.

Alisimama, mkono umeinuka. Akayasema tena moyoni, neno kwa neno, akaona hakukosea. Nahodha alikata kushoto, akakata kulia, meli inalalama mbao zote. Mabaharia walikwisha teremsha abiria chini. Halafu, bila sababu ya kuonekana, ule mkia ukasinyaa katikati, ukawa uzi, ukakatika. Maji ya chumvi yakanyesha juu ya meza zilizokwisha tandikwa.

Jioni, wamefunga gati Korfu, Gerasimo alimkuta nahodha na daftari lake la safari. Nahodha alilifunika kwa mkono, kisha akaona haina maana, akaondoa mkono. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: *Saa nne na dakika saba, mpishi amekata.* Na chini yake: *Saa nne na dakika ishirini, umekatika.*

Walihesabu wote wawili: dakika kumi na tatu. Nahodha akafunga daftari, akauliza kama kuna supu.

Gerasimo aliuliza kwingine kwa nini zilikuwa kumi na tatu, kama siku za kalenda ya mama yake. Mkewe alisema hiyo ndiyo adhabu ya kumkimbia siku ya sikukuu. Padri wa kijijini alitazama saa yake. Mama yake alimwambia ale, chakula kinapoa. Na kila Alcione ilipogusa Lipari, Gerasimo alipanda mpaka makaburini, akang'oa majani kando ya jiwe la Onofrio, akakaa, na kabla ya kushuka alimuuliza neno lilelile:

"Barba, kule baharini, Krismasi huwa lini?"