Usingizi wa Bobini

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pini. Jina hilo amelipata kwa tabia yake ya kubana pini midomoni anapokata nguo, huku akiendelea kupiga soga kama vile mdomo hauna kitu. Siku mdogo wangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, nilimwambia pembeni, huyu ukimuudhi atakutemea pini. Mpaka leo hajamtemea mtu. Ila maneno yake yana ncha kuliko hizo pini, na mimi, niliyewapikia wanafunzi wa bweni miaka yote hii bila kukosa jibu la kumpa mtu, kwake nimepata kiboko yangu.

Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba yao na mlango wake unatazama barabarani. Kuna meza ya kukatia, pasi, gunia la mabaki ya vitambaa, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu aliyoinunua kabla hajaolewa. Ubavuni mwa cherehani ametandika kigodoro, na hapo ndipo alipokulia binti yao. Mtoto tunamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi kinachokaa ndani ya cherehani, kwa sababu alizaliwa mviringo na tangu ajue kutembea anazunguka kutwa.

Bobini hakuimbiwa wala hakubembelezwa. Mama yake alikuwa na nguo za watu za kumaliza, kwa hiyo alimlaza pale chini na kuendelea kukanyaga, na mtoto akashikwa na usingizi kwa ule mlio. Mwaka ukapita, wa pili ukawa unakaribia kuisha, na mtoto hajui kulala kwa kitu kingine. Ikifika saa yake ya kulala, mama hushona hata kama hana cha kushona. Huchukua kitambaa kikuukuu akakipitisha kwenye sindano huku na huku mpaka mtoto afumbe macho. Nilisema mapema kwamba jambo hili litakuja kumtokea puani. Nani alinisikiliza?

Mdogo wangu, baba yake Bobini, anaendesha malori ya safari ndefu. Anakuja, anakula, analala, anaondoka. Tena hata huko kulala analala chumba cha uani, maana anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini, na mkewe alishamwambia kwamba hakuolewa na injini. Bobini alimchukulia baba yake kama mgeni mwenye biskuti. Anapokea biskuti, anajificha nyuma ya gauni la mama. Akibebwa na baba, analia mpaka majirani wanachungulia. Mdogo wangu ni mtu wa miraba minne, lakini nimemwona kwa macho yangu akimrudisha mtoto kwa mama yake, kisha akaenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi.

Basi Mama Pini akapata mimba ya pili. Bobini alizaliwa kwa upasuaji, na daktari akasema huyu naye atatoka kwa njia hiyo hiyo. Akamkataza kubeba kitu chochote kizito, na katika nyumba ile hakuna kizito kama Bobini. Siku ya kujifungua ikifika angelazwa, na akirudi asingekanyaga cherehani mpaka kidonda kipone. Sasa nani angemlaza mtoto? Hilo ndilo lililokuwa likimla Mama Pini. Hakulisema, lakini nilikuwa namwona anavyomtazama Bobini akiwa amelala, mkono mmoja juu ya tumbo, mdomoni hana pini wala neno.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mdogo wangu akarudi safari na wazo lake: twende wote baharini, tukae hotelini, mama apumzike.

"Nani kakwambia nimechoka?" Mama Pini akauliza.

"Miguu yako," mdogo wangu akajibu.

Miguu ilikuwa imevimba kweli, hata kandambili zilikuwa zinamkataa. Akakubali. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikaunganishwa kwenye msafara ili nisaidie kumbeba mtoto. Mdogo wangu akaazima gari la mwenzake wa kazini. Asubuhi ya kuondoka akafungua buti apange mizigo, akakuta kitu kizito kimefunikwa shuka. Akafunua. Kilikuwa kichwa cha cherehani, kimefunguliwa kutoka kwenye meza yake na kuzungushiwa blanketi kama mgonjwa.

"Mama watoto, tunakwenda kuogelea. Hatuhami."

"Kinakula nini? Si kimekaa tu?"

"Hakiendi."

Hakikwenda. Mama Pini alinuna njia nzima, na mtu mjamzito akinuna ndani ya gari dogo, hata hewa inapungua.

Hoteli yenyewe sina ubaya nayo. Vyumba vilikuwa vimepangwa kwa safu, kila kimoja na kibaraza chake, na mbele kuna majani yaliyokatwa vizuri, bwawa la kuogelea, halafu mchanga, halafu bahari. Chakula unajipakulia mwenyewe. Wali ulikuwa wa mtu anayejua kazi yake, mchuzi ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Bobini aliitazama bahari, wimbi likamgusa vidole, akageuka na kukimbia bila kuaga. Mchanga aliupenda. Aliula. Mama Pini aliingia bwawani na gauni la kuogelea alilojishonea mwenyewe, lenye mpira kiunoni wa kuongezeka kadiri tumbo linavyoongezeka, akaelea chali, akafumba macho.

"Wifi," akaniambia, "mgongo hauniumi."

Nikafurahi. Nikajua tumefika.

Usiku ule tulikiona cha mtema kuni. Mdogo wangu tulishamfukuza akalale kwenye gari ili asituharibie mambo kwa kukoroma. Mama Pini akatoa simu yake kwa madaha. Kumbe alikuwa amerekodi mlio wa cherehani! Akaibonyeza, cherehani ikalia humo ndani ya simu, nami moyoni nikampa heko. Bobini akasikiliza. Akashuka kitandani, akachungulia uvunguni. Akafunua pazia. Akafungua kabati. Alipoona cherehani haipo popote, akalia kilio cha mtu aliyetapeliwa. Nilimbeba mimi, akajinyonganyonga mikononi mwangu. Mwisho akachukuliwa na mama yake, ingawa tulishakatazwa, akatembezwa chumbani mpaka kukakucha. Asubuhi Mama Pini alikuwa ameshika chini ya tumbo, na nilipomuuliza kama panauma akaniambia nisianze. Hapo nikaogopa.

Baada ya chakula cha mchana, mama na mtoto wakapotea. Mdogo wangu, roho juu, akakimbilia bwawani, kisha ufukweni, akiuliza kila mtu. Mimi nilikwenda upande wa jikoni, kwa sababu mimi nikipotewa na akili huwa nakwenda jikoni. Nilipopita mlango wa chumba cha kufulia nikasikia mlio ninaoufahamu. Nikaingia. Shuka zilikuwa zimerundikwa mpaka karibu na dari, pasi kubwa inatoa mvuke, na katikati Mama Pini amekalia kiti cha fundi wa hoteli, anakunja pindo za foronya. Bobini alikuwa amelala fofofo juu ya lundo la taulo. Fundi mwenyewe alikaa pembeni na kikombe cha chai.

"Mimi nimemwambia dada apumzike," akajitetea. "Kasema hapa ndipo anapumzika."

Mdogo wangu alitokea nyuma yangu akihema. Alitazama foronya zilizokwisha kupindwa, akamtazama mkewe.

"Nimekuleta upumzike, umetafuta kibarua."

"Amelala. Punguza sauti."

"Na siku utakayokuwa wodini? Watakuletea cherehani kitandani?"

Mguu wa Mama Pini ukasimama. Mlio ukakatika, na Bobini akafumbua macho.

"Hilo ndilo ninaloliogopa!" Mama Pini akasema, na sauti ikamvunjikia. "Unadhani silijui? Mimi nitakuwa nimelala na kidonda, mwanangu analia nyumbani usiku kucha, na wewe utakuwa wapi? Njiani!"

"Sitakuwa njiani. Nimeomba likizo, na tajiri amekubali. Nilitaka nikwambie huku, ukiwa umetulia. Hujatulia."

"Hata ukiwepo utamfanya nini? Mtoto hakutaki."

Fundi wa hoteli akaanza kuchunguza chai yake. Mama Pini akaziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mdogo wangu akainama, akamchukua Bobini kutoka kwenye taulo, akatoka naye. Mtoto alipaza sauti kuanzia mlangoni, akavuka nayo bustani yote, wageni wakaacha vinywaji vyao kutazama kama kuna mtu anaibiwa.

Mama Pini akainuka. Nikasimama mlangoni.

"Wifi, nipishe."

"Sikupishi."

"Mwanangu analia."

"Namsikia. Hata meli zinamsikia. Yuko na baba yake, hayuko na chui."

Alinitazama kwa jicho ambalo kama lingekuwa pini, leo nisingekuwa hapa. Lakini alikuwa amechoka, nami si mwembamba. Tulikwenda polepole, tukakaa kwenye kibaraza cha chumba chetu. Ndani, mdogo wangu alikuwa anamaliza ujuzi wake wote. Akaleta biskuti, ikarushwa. Akapiga honi ya lori kwa mdomo, kilio kikapanda. Akaimba, na hapo nilimwonea huruma mtoto. Mama Pini alikuwa amenishika mkono, ananifinya. Kisha tukasikia godoro likiburutwa sakafuni, na sauti ya mdogo wangu, ya chini, haina nguvu tena.

"Lia, mama. Baba amechoka, lakini baba yupo. Wewe lia."

Alikuwa ameendesha gari njia nzima jana yake, akakesha amejikunja kwenye kiti cha mbele, akakimbia ufukwe mzima kumtafuta mke na mtoto. Hakumaliza hata kugeuka upande wa pili. Ule mkoromo wake ukaanza.

Ulianza taratibu, ukashika kasi, ukakatika ghafla mwishoni, kimya kidogo, ukaanza tena. Nimemsikia mdogo wangu akikoroma tangu utotoni na sikuwahi kuusikiliza namna ile. Ilikuwa cherehani kabisa, tena inayoshona nguo nzito. Kilio cha Bobini kikashuka. Kikabaki kwikwi. Kisha kwikwi nazo zikaachana, moja hapa, moja kule, tusisikie nyingine.

Tulichungulia dirishani. Baba alikuwa chali kinywa wazi, na mtoto kifudifudi juu ya tumbo lake, anapanda na kushuka nalo, amelala.

"Miaka yote hii namfukuza chumbani," Mama Pini akasema. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo asiwaamshe, na humo humo machozi yakamtoka. "Nimefurahi, wifi. Na imeniuma. Amelala bila mimi."

"Vyote viwili ni haki yako," nikamwambia. "Sasa keti."

Aliketi, akaweka miguu juu ya kiti changu, usingizi ukamchukua, na mpaka jua linapungua ukali alikuwa hajaamka.

Nisipige chuku nikasema Bobini alimpenda baba yake palepale. Kesho yake alipokea biskuti na kumsukuma kama kawaida. Lakini usingizi ulipomjia alimshika kidole, akamvuta mpaka kwenye godoro, akamwamuru, "Baba, koroma." Mdogo wangu alijaribu kuigiza. Mtoto akamfunua kope kwa kidole, akaona jicho linamtazama, akakasirika. Ikabidi baba alale kweli, saa nne asubuhi, katika hoteli aliyoilipia ili aone bahari.

Mtoto wa pili alizaliwa salama, wa kiume. Mimi nilibaki nyumbani kwao kupika. Kesho yake mchana simu ya mdogo wangu ikalia juu ya meza ya jikoni, nikaipokea. Alikuwa Mama Pini, sauti imekauka. Akaniambia mtoto mzima, ananyonya vizuri, yeye kidonda kinamuuma na hajapata hata lepe la usingizi. Kisha akauliza alichopigia simu.

"Bobini analia sana?"

Nilitembea mpaka chumbani kwao, maana siku hizi chumba cha uani hakina mtu, nikasogeza simu kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Humo ndani ilikuwa inashonwa nguo nzito. Niliisubirisha pale, nikairudisha sikioni.

"Wifi, umesikia?"

"Nimesikia. Usiwaamshe."

"Nikate?"

"Usikate. Iache hapo hapo."

Niliiweka simu juu ya kigoda mlangoni, nikarudi kwenye sufuria yangu. Nilipokwenda kuichukua, nikaita wifi, wifi, na aliyeitika alikuwa nesi, kwa kunong'ona.

"Amelala," akasema. "Na simu iko sikioni. Niikate?"

Nikamwambia aiache. Nikairudisha simu ya mdogo wangu juu ya kigoda.