Mchi Unaoita Wakristo wa Kalundu

Saa kumi na moja alfajiri, ziwa bado halijapata rangi yake, na Pélagie Akimana anapanda kichochoro cha Kalundu akiwa na mchi begani. Anaubeba kama askari anavyobeba bunduki. Wapagazi wawili wanaoteremka bandarini wanampisha.

“Mama Pélagie, leo unaenda kupigana na nani?” mmoja anamtania.

“Na sombe. Na weye pia, kama unanichelewesha.”

Wanacheka. Yule wa pili anasimama kidogo, anauliza: “Tunasali kwa nani leo?”

“Kwa Kankindi.”

Mwaka jana, jina hilo likitajwa, watu waliteremsha sauti. Leo mpagazi anatikisa kichwa tu, anaendelea na njia yake.

Kuna kitendawili ambacho watoto wa mtaa huu wanakitega kwa wageni: mzee wangu kinywa wazi, ulimi hana, akiita mtaa wote unaamka. Mgeni atakimbilia kusema kengele. Atakuwa amekosa na atadaiwa mji, kwa sababu kengele ina ulimi. Mtoto wa Kalundu atamjibu bila kufikiri: kinu.

Ilikuwaje kinu cha sombe kikawa kengele ya kanisa? Na kanisa lenyewe ni kitu gani, hata liweze kuitwa na mwanamke anayetwanga majani ya muhogo?

Pélagie ana miaka hamsini na minane. Alizaliwa Runingu, katika bonde la Ruzizi, akasoma hadi darasa la nne, akaolewa, akazaa watoto sita, akamzika mumewe Pontien. Vita vilipomfukuza alikuja hapa Kalundu, bandari ya Uvira, na mchi wake. Kinu kilikuwa kizito, alikiacha. Kazi yake ni kutwanga sombe na kuiuza kwa mafungu sokoni. Siku ikiwa nzuri anapata unga na kipande cha sabuni. Siku ikiwa mbaya analala na sombe yake mwenyewe, bila mawese.

“Mutu anakimbia na kitu gani?” anasema. “Jirani yangu alikimbia na redio. Redio imekufa, mawe yake ya betri yako bei juu. Mchi haufi.”

Kanisa dogo la mtaa liko juu ya bandari, kuta za matofali na paa la mabati. Wenye bunduki walipoingia mjini waliligeuza stoo ya magunia yao, na kamanda akautia ufunguo mfukoni. Mlangoni palikuwa na jante ya lori, ule mduara wa chuma wa gurudumu, iliyogongwa kwa nondo kila Jumapili. Hiyo nayo kamanda aliikataza isilie. Alisema inapeleka habari milimani.

Wakristo wakabaki hawana nyumba wala sauti. Wangesali wapi, na nani angewaambia wakati njia ni tulivu?

“Nilikuwa nafundisha katekismu miaka yote kwamba kanisa ni watu ambao Mungu ameita,” anasema Basile Itangishaka, mkatekista wa mtaa, ambaye riziki yake ni kushona nyavu. “Nilikuwa naisema kama wimbo. Siku walipochukua ufunguo ndiyo nikaanza kuuliza: sawa, ni watu. Lakini tutawaita na nini, ikiwa hata filimbi ni kosa?”

Jibu lilikuwa likitwanga nyuma ya nyumba yake, maana Pélagie alikuwa amepewa chumba hapo uani.

Wakapatana. Wangesali kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, saa yoyote ambayo doria imepita. Pélagie angekwenda na mchi wake kwa mwenye zamu na kutwanga katika kinu cha nyumba hiyo. Mapigo matatu chini kabisa, kisha moja la kugonga ukingo, kama mtu anayekung’uta majani. Wakristo wakaliita “tatu tumboni, moja mdomoni”. Akina mama wengine wangejibu vivyo hivyo kidogo, kisha wanyamaze. Kinu ambacho hakinyamazi ndicho chenye sala. Watu wangefuata sauti, mmoja mmoja, rozari ndani ya kitenge.

Askari walipita mara nyingi. Nani atamkamata mwanamke anayetwanga sombe?

“Ila ingejulikana, tungepigwa nyumba kwa nyumba,” anasema Basile. “Kwa hiyo tulichagua wa kuambiwa.”

Hapo ndipo Kankindi anapoingia. Alifika kutoka Luvungi, huko huko bondeni, na mtoto mgongoni, akapanga kibanda mwisho wa kichochoro. Mumewe, Onesphore, alikuwa amechukuliwa barabarani na wenye bunduki ili awabebee mizigo, na hakurudi. Kalundu habari ilifika ikiwa imegeuka: mume wa yule mwanamke anatembea nao. Kama anatembea nao, mkewe anasikiliza kwa niaba yao.

Baraza la shirika, yaani jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa, likakaa. Uamuzi ulikuwa mfupi: “Tumuache kwanza.” Pélagie alikuwepo, na hakupinga.

“Niliogopa,” anasema, akichambua mabua ya sombe. “Lakini kila asubuhi nilikuwa namuona kisimani. Akifika, ndoo zinajaa haraka, wamama wanaondoka. Na mtoto wake alikuwa anatuchekea sisi wote.”

Likaja juma ambalo homa ilimlaza Pélagie. Jumamosi mchana, doria ilikuwa haijapita, na hakuna aliyepanga sala. Akiwa kitandani akasikia: tatu tumboni, moja mdomoni.

“Nikajiuliza, nani huyu amenichukulia kazi? Na anapiga vizuri kuliko minye! Nikadhani Basile ameweka mwingine kwa sababu minye naumwa. Nikakasirika, homa ikapungua.”

Basile naye, nyavu mapajani, alidhani Pélagie amepona na ameona jambo la haraka. Vinu vya jirani vikajibu, vikanyamaza. Kile cha mwisho wa kichochoro hakikunyamaza. Watu wakatoka, wakafuata sauti kama walivyozoea. Walipojua imewafikisha wapi, walikuwa wamekwisha kujaa uani kwa Kankindi.

Yeye aliinua kichwa akaona mtaa mzima umesimama mbele yake.

“Nilijua wamekuja kuniua,” anasema Kankindi. Anasema taratibu, mkono ukiwa juu ya kichwa cha mtoto wake, Jolie. “Sikuwa najua habari ya alama. Nilikuwa nasikia kila mama wa hapa anatwanga vile. Nikasema, basi ni namna ya Kalundu. Kama nataka kukaa na watu, nitwange kama watu. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka. Mzigo nilikuwa nimeufunga. Sombe ile ilikuwa ya njia, kesho yake nirudi Luvungi.”

Luvungi ya siku hizo ilikuwa ya risasi. Kila mtu pale uani alijua.

Kankindi alimnyanyua mtoto, akamfunga mgongoni, akasema: “Musinipige. Ninaenda.”

Wengine walitazama chini, wengine walimtazama Basile. Basile alitazama mikono yake. Wangemwambia nini? Kwamba wamekosea nyumba? Wangeondoka vipi bila kumwambia kwa nini walikuja, na wangemwambiaje bila kuitoa siri waliyomnyima?

Nyuma kabisa, kwenye ua wa matete, alikuwa mzee Déogratias. Masikio yake ni mazito. Hasikii kinu, yeye hufuata migongo ya watu. Hakuona kitu mbele ila vichwa. Aliona watu wametulia, akajua sala imefika. Akavua kofia, akaanzisha wimbo wa mwanzo, kwa sauti yote Mungu aliyompa.

“Mzee, nyamaza!” mtu akamvuta shati.

“Nini? Niongeze?” akauliza mzee. Akaongeza.

Mama mmoja akacheka bila kutaka. Mwingine akaingia katika wimbo, kwa sababu wimbo ukishaanza ni vigumu kuuacha njiani. Ndipo Pélagie, kitenge cha homa bado mabegani, akapita katikati ya watu, akaokota mchi wa Kankindi, akatazama ndani ya kinu.

“Binti yangu,” akasema, “hii sombe haijalainika. Utakula majani kama mbuzi? Leta mchi wa pili.”

Wakatwanga wawili, kwa zamu, mchi juu, mchi chini. Basile akasoma somo la siku hiyo. Anasema hakumbuki lilikuwa lipi. Kisha ikabidi sombe iive, na sombe haina haraka. Mtu alileta ndagala, dagaa wa ziwani, mwingine mawese, mwingine akaenda kusonga bugali. Doria ilipita, ikakuta watu wanakula.

“Ni nini hapa?” askari aliuliza.

“Ni sombe, kaka,” alijibu Kankindi mwenyewe. “Karibu.”

Askari alionja, akaenda.

“Walimaliza chakula changu cha njia!” anasema Kankindi, na sasa anacheka hadi anafuta macho. “Kesho yake ningeenda na nini?”

Hakwenda. Siku ya sala iliyofuata aliambiwa maana ya mapigo yale, naye akauliza swali moja tu: kwa nini walikawia?

Leo siri hiyo haipo tena. Kamanda yule alihamishwa pamoja na watu wake, ufunguo ukarudi, magunia yakaondoka. Jante nayo iliondoka. Waliifunga kwenye lori lao lililokosa gurudumu, kwa hiyo imerudi kwenye kazi yake ya zamani. Vita bado viko bondeni. Jumapili watu wanasali chini ya mabati, na siku nyingine wanaendelea na nyumba kwa nyumba, ingawa hakuna anayewalazimisha.

Kwa nini, ikiwa mlango uko wazi?

“Mlango wa kanisa unangoja watu,” anasema Basile. “Kinu kilitupeleka mahali ambapo tulikuwa tumekataa kwenda. Minye sina jibu lingine. Ninaendelea kulitafuta.”

Bega la Pélagie linamuuma sasa. Anachotaka ni bonde litulie, arudi Runingu akapande muhogo wake mwenyewe, na atafute kile kinu alichokiacha. Mchi hataondoka nao. Ameshasema mbele ya baraza kwamba utabaki kwa Kankindi, na safari hii baraza halikusema “tumuache kwanza”.

Kankindi anangoja Onesphore. Wapagazi wa bandarini wanauliza jina lake kwa kila boti na kila lori. Mpaka leo hakuna habari. “Akirudi atapitia hapa Kalundu,” anasema. “Mutu mwenye kupotea anafuata sauti ya kutwanga. Anajua pale kuna watu.”

Jua linachomoza upande wa pili wa ziwa. Uani, Pélagie anaukabidhi mchi, anakaa kwenye kibao, anakunja miguu. Anatega kitendawili kama walivyokuwa wakitegeana utotoni huko bondeni, kwa maneno ya kule.

“Sokwe!”

“Niruze!” anaitikia Kankindi, ndiyo “tega” ya kwao.

“Wageni hawakualikwa, chakula cha safari wamekila, na msafiri akafika.”

Kankindi anajibu kwa mchi. Anainamia kinu, anapiga: tatu tumboni, moja mdomoni. Chini kuelekea bandarini kinu kimoja kinaitika, kisha cha pili, kisha vinanyamaza. Chake kinaendelea. Vichochoro vinaanza kutoa watu, na kwenye ua wa matete mzee Déogratias tayari amevua kofia, anasafisha koo.