Bendera Iliyoshuka Gizani

Umeme ukikatika nyumbani kwetu Kibuli, baba alikuwa akisimama wima, mikono ameinyoosha mbele kama aliyebeba mtoto aliyelala, na hakuketi hadi taa zirudi. Mama, mzaliwa wa Old Kampala, alimtania: "Keti, mzee. Mkoloni alishaondoka!"

"Aliondoka," baba alijibu kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi. "Bendera yake iko na mimi."

Usiku wa uhuru alikuwa polisi kijana kutoka kaskazini, amepangwa chini ya mlingoti. Anasimulia kwamba taa za uwanja zilizimwa ili bendera ya Mwingereza ishuke bila kuonekana. Aliipokea mikononi. Sauti ya chini ikasema, "Lete." Akatoa. Taa zilipowaka, bendera mpya ilikuwa juu, watu wanapiga vigelegele, na ofisa wake, Mwingereza, akamnong'oneza: "Iko wapi?"

Baba akamwonyesha mikono mitupu. Ofisa akasafiri kwao wiki ileile, shauri likabaki hapo. Lakini polisi hufundishwa kwamba ulichokabidhiwa ni chako hadi umwone usoni anayekipokea. "Mimi sikuona uso," baba husema. "Basi sijatoa."

Nimetazama picha nyingi za usiku ule. Zote zilipigwa taa zikiwaka.

Mwaka huu moyo wake ulidhoofika, daktari akamkataza kusimama. Hakusikia. "Nikifa hivi," aliniambia, "nitakufa niko lindoni." Hicho ndicho alichokiogopa. Nikaamua kwamba umeme ukikatika tena nitalisema mwenyewe lile neno, nimpumzishe.

Ulikatika jioni moja tukiwa watatu sebuleni, mlango umefungwa kwa komeo. Nilisikia kiti chake kikilia, akasimama. Nilikuwa bado nalitafuta neno kooni pale sauti ya chini iliposema, "Lete."

Taa ziliporudi alikuwa ameketi, mikono mapajani, amelala.

Asubuhi mama alinishika bega jikoni. "Ahsante, mwanangu. Umefanya vizuri kulisema lile neno."

"Si wewe uliyesema?"

Akaacha kukoroga chai.

Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi na baba hajasimama hata mara moja. Nilimwuliza aliyepokea alikuwa nani.

"Safari hii niliona uso," alisema, akageukia ukuta.