Kifundo Kwenye Mbeleko

Mikeka yetu kumi na miwili ilitandazwa ofisini kwa mtendaji, hapa Bungu, na hakuna miwili iliyolingana. Afisa wa wakala wa serikali, wale wanaotutafutia wateja nje ya nchi, aliizunguka na tepu yake akitikisa kichwa. Alikuwa achague ya kupeleka kwenye maonyesho Komoro.

"Mama zangu, ni mizuri mno. Lakini mteja akiagiza mia, atapata mia ya saizi gani? Labda tungoje maonyesho yajayo."

"Hatungoji," nilimjibu. "Tupe wiki moja."

Hasira zilinijaa, na si kwake. Sisi mkeka tunaupima kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, kila mtu kwa mkono wake. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nililijua kosa tangu siku ya kwanza nikanyamaza, eti heshima.

Nyumbani ugomvi ukawa mkono wa nani ufuatwe.

"Wangu," alisema mama mkwe. "Nimeanza kusuka hamjazaliwa."

"Mkono wako huo, dada, unachuma nazi bila kukwea mnazi!" wifi yake akamrushia. Kicheko.

Mimi sikucheka. "Hatufuati hata mkono mmoja," nikasema. Nilimshusha mwanangu mgongoni, nikamtupia mama mkwe mapajani, nikapiga kifundo kwenye mbeleko. "Upana, ncha hadi kifundo. Urefu, mbeleko nzima na nusu. Asiyetaka asilete mkeka wake."

Mama mkwe hasemeshwi hivyo kwetu, najua. Lakini yeye akavuta mkeka wake, mkubwa kuliko yote, akaanza kuufumua mshono. Wengine wakafuata. Mbeleko ikawa inazunguka nyumba kwa nyumba, mtoto nikimbeba kwa shuka.

Wiki ilipokwisha afisa alirudi na tepu yake. Akapima wa kwanza, wa tano, wa mwisho. Akaikunja tepu.

"Mmenunua tepu?"

"Tepu ya nini?" mama mkwe akamjibu. "Tuna mkwe."

Mikeka yote kumi na miwili ilipakiwa. Mbeleko yangu sijarudishiwa mpaka leo. Imetundikwa ukutani kwa mama mkwe, na anayetaka kukifungua kile kifundo aanze kwanza kuongea na yeye.