Mguu Uliozoea Studebaker

Tangu kiwanda kifungwe, Andor Szalay alikuwa kiguu na njia. Asubuhi alitoka, akazunguka mitaa ya magharibi ya South Bend mpaka viatu vikalowa theluji iliyoyeyuka, akarudi, akavua koti, akalivaa tena. Mkewe Etelka alimwambia siku moja kwamba zulia la sebuleni litatoboka, na kama anataka kutembea, uani kuna nafasi. Akaenda uani. Baada ya dakika tano alikuwa amefungua boneti ya gari, akaifunga, akaifungua tena.

Ilikuwa Machi, mwaka 1964. Studebaker walikuwa wametoa gari lao la mwisho pale mjini siku chache kabla ya Krismasi, na maelfu ya wanaume waliamka Januari bila pa kwenda. Mji ulikuwa umekua pamoja na jina hilo. Ndugu wa ukoo wa Studebaker walianza na karakana ya uhunzi, zaidi ya miaka mia moja nyuma, wakitengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Watu waliohamia magharibi walipakia watoto na masufuria yao humo. Kisha yakaja magari ya umeme, kisha ya petroli, na wakati wa vita malori ya jeshi. Baba yake Andor, aliyetoka Hungaria na sanduku moja, alimimina chuma kiwandani humo mpaka mgongo ukapinda. Andor aliingia mwaka 1936, akiwa na miaka ishirini na minne, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Kazi ya Studebaker mtu aliirithi kama pua ya babu.

Mwaka huohuo magari ya Studebaker yalianza kuwekewa kifaa ambacho magari mengi mengine hayakuwa nacho. Ukisimama mlimani, ukakanyaga klachi na breki, kifaa kile kiliyazuia mafuta ya breki yasirudi. Hapo ungeweza kuuondoa mguu wa kulia kwenye breki, ukajikuna, ukangoja taa ibadilike, na gari halirudi nyuma hata upana wa kidole. Ukiachia klachi, linakwenda. Ndani yake mlikuwa na gololi moja tu, iliyoviringika na kuziba tundu pale gari lilipoinua pua. Wenzake walikiita kishikamlima. Andor alifunga vishikamlima kwa miaka kumi na saba, akiwa chini ya magari, mikono juu, mafuta yakimdondokea shingoni.

Mwenyewe alimiliki Studebaker nne maishani, na hakuwahi kuendesha gari jingine. Ile ya mwaka 1947 ilikuwa na kioo kikubwa mno nyuma, hata shemeji yake wa Detroit akawa anauliza kila Pasaka kama gari linakwenda au linarudi. Andor si mtu wa maneno, ila moyoni alijua kwamba gari la shemeji likisimama mlimani, ni shemeji anayelishika. La kwake lilijishika lenyewe. Sasa alikuwa na ya mwaka 1953, ya buluu, ya mlango mmoja kila upande, na bado ikiwaka kwa mguso mmoja hata barafu ikiwa imeshika vioo.

Shida ilikuwa barua ya Roza, binti yao wa California. Aliandika kwamba wauze nyumba waende wakakae naye, chumba kipo, jua lipo, na baba apumzike. Etelka aliisoma mara mbili akaiweka chini ya bakuli la sukari. Hakusema kwamba hataki kwenda. Alisema tu kwamba Roza anangoja jibu kabla ya Pasaka, na kwamba watu hawali theluji. Andor alielewa. Akipata kazi, wanabaki. Asipopata, mlango ule wa jikoni, kanisa la Wahungari walikofunga ndoa, kaburi la baba yake, vyote vinabaki nyuma na wao wanakuwa wageni mezani kwa mkwe.

Alikuwa ameomba kazi mahali kumi na moja. Mahali pengine walimtazama nywele, pengine walimuuliza umri huku kalamu imeshawekwa chini. Mahali pa kumi na mbili palikuwa kampuni ndogo ya maziwa iliyokuwa ikitafuta dereva wa kupeleka chupa majumbani. Msimamizi wake, Bwana Haskins, alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini, aliyehamia kutoka Iowa, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu akiwa amefumba jicho moja. Alimuuliza Andor ameendesha gari miaka mingapi. Andor akasema ishirini na nane. Ajali? Hakuna. Haskins akasema basi kesho saa moja asubuhi waende mzunguko mmoja pamoja, na likienda vizuri, Jumatatu ataanza.

Usiku ule Andor hakulala sawasawa, na asubuhi alifika nusu saa kabla. Gari la maziwa lilikuwa la kampuni nyingine ya magari, refu, jeupe, na makreti ya chupa yakilialia nyuma kila lilipokanyaga shimo. Alilipenda taratibu. Giya ziliingia vizuri. Alipita mitaa anayoijua, akasimama mahali pa kusimama, akashusha chupa bila kelele. Haskins alikaa pembeni akiandika kitu, na mara moja alitikisa kichwa kama mtu anayeridhika. Mabega ya Andor yakaanza kushuka kutoka masikioni.

Wakaja penye daraja la reli. Barabara hapo inazama chini ya reli, kisha inapanda kwa ghafla mpaka kwenye taa. Taa ilikuwa nyekundu. Andor akasimama katikati ya mpando, akakanyaga klachi, akakanyaga breki, na kama alivyofanya maelfu ya mara, akauondoa mguu wa kulia.

Gari likarudi nyuma.

Halikurudi kwa kasi. Lilirudi kwa utulivu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Andor aliukandamiza mguu wa kushoto kwenye klachi kwa nguvu zote, kwa sababu mwili wake ulijua kwamba klachi ndiyo inayoshika, na kadiri alivyokandamiza ndivyo gari lilivyozidi kuwa huru. Haskins alisema breki. Akasema tena. Wakati mguu wa kulia unaikumbuka breki, ulisikika mgongano, kisha makreti yakaangukiana, na maziwa yakaanza kutiririka kuelekea chini ya daraja, meupe juu ya theluji chafu.

Gari lililokuwa nyuma halikusogea hata kidogo. Lilikuwa Studebaker. Na aliyeteremka kutoka ndani, akiwa ameshika kofia, alikuwa Leo Nowicki, Mpolandi aliyefanya kazi karibu naye miaka tisa. Leo aliitazama bampa yake iliyobonyea kidogo, akayatazama maziwa, akamtazama Andor kupitia dirishani.

"Ndugu yangu," akasema, "na wewe umeanza kurudi nyuma kama kampuni yetu?"

Watu wawili kando ya barabara wakacheka. Andor hakucheka. Uso ulikuwa umemwaka moto mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Leo alipoona hivyo aliinama dirishani akaongea na Haskins kwa sauti ya chini, akamweleza kwamba bampa si kitu, ataigonga kwa nyundo mwenyewe, na kwamba mtu huyu aliyeketi hapa ndiye aliyefunga kishikamlima katika gari lake. Haskins hakujua kishikamlima ni nini. Ikabidi Leo amweleze pale pale, magari yakipiga honi nyuma yao. Akaingia garini kwake akamwonyesha: mguu mmoja karibu ufike juu ya usukani, mwingine kwenye klachi, na gari limekaa mlimani kama paka juu ya kochi.

Walipofika kwenye ua wa kampuni, Haskins aliuzungusha ufunguo mwenyewe, akazima gari.

"Bwana Szalay, mikono yako ni mizuri na wateja watakupenda," akasema. "Ila mguu wako huo, mimi siwezi kuuweka barabarani. Kuna watoto wanaokwenda shule kwenye mpando ule."

Andor alisema anaelewa. Akafungua mlango, akashuka, akafunga mlango polepole. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mahali pote kumi na moja: akageuka akaomba. Alisema kwamba mguu ni mazoea tu, na mazoea yanaingia na yanatoka. Ampe mpaka Jumamosi.

Haskins alifumba jicho moja. "Mbona hii ni Jumatano."

"Najua."

"Miaka ishirini na nane, uitoe kwa siku tatu?"

"Mbili na nusu," Andor akasema.

Haskins akasema Jumamosi saa moja, kwenye mpando uleule, na hakutakuwa na mara ya tatu.

Andor hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alichukua gari lake la buluu akaenda nalo kwenye mpando, akajaribu kuuacha mguu kwenye breki. Haikusaidia. Gari lilimwambia jingine. Mguu ulikaa kidogo, ukaona kwamba hauna kazi, ukaondoka wenyewe. Alijaribu mara ishirini. Gari lilikuwa likimsaidia, na msaada ule ndio uliokuwa unammaliza.

Alipofika nyumbani aliegesha uani, akatandika magunia juu ya matope, akaanza kupanga spana. Etelka alitoka mlangoni na mikono yenye unga, akauliza anafanya nini. Alimweleza yote, maziwa, Leo Nowicki, Jumamosi. Akamwambia kwamba anakitoa kishikamlima.

Etelka akasema, "Si unaweza kukumbuka tu?"

"Nisingerudi nyuma asubuhi kama ningeweza kukumbuka tu."

Akaingia chini. Alikijua kifaa kile kwa kukigusa, hakuhitaji taa. Miaka kumi na saba alikuwa amekifunga, hakuwahi hata mara moja kukifungua. Nati za kwanza mbili zilikubali. Ya tatu ilishika kutu, na alipoisukuma, spana ikateleza ikamchuna vidole. Alitukana kwa Kihungari, kitu ambacho Etelka alikuwa hajakisikia tangu mazishi ya baba mkwe. Hatimaye kikatoka, kizito, kidogo kuliko ngumi, na ndani yake gololi ikagonga mara moja. Aliunganisha paipu mbili zilizobaki kwa kiungo cha shaba. Sasa ilibidi kutoa hewa kwenye breki, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Etelka alinawa, akavaa koti juu ya aproni, akaketi kwenye usukani. Kutoka chini sauti ya mumewe ilimfikia: kanyaga, shikilia, achia. Akakanyaga, akashikilia, akaachia. Walizunguka magurudumu yote manne hivyo mpaka mikono ya Andor ikafa ganzi. Alipotoka, Etelka alimwambia kwamba ana uso wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akasema ndivyo anavyojisikia.

Alhamisi na Ijumaa aliwinda kila mwinuko wa mji ule tambarare: mwinuko wa mtoni, njia ya kuingia hospitalini, daraja la reli asubuhi na daraja la reli jioni. Mara ya kwanza alirudi nyuma hatua tatu akakaribia kumpamia baba mmoja wa baiskeli. Mara ya tano alirudi nusu hatua. Alikuwa akiongea na mguu wake kwa sauti, kaa, kaa hapo hapo, na watu waliomwona kupitia kioo walidhani anaimba. Ijumaa jioni paja lilimtetemeka kwa kuchoka, lakini mguu haukuondoka kwenye breki. Nyumbani mezani, akila kuku wa pilipili nyekundu, mguu ule bado ulikuwa ukikandamiza sakafu, na Etelka aliuona akaendelea kula.

Jumamosi taa ilikuwa nyekundu tena. Gari la maziwa likasimama katikati ya mpando. Andor alihesabu pumzi. Haskins alitazama miguu tu, hakutazama barabara. Taa ikageuka. Mguu wa kushoto ukaachia kidogo, gari likatetema, na hapo tu mguu wa kulia ukahama. Wakapanda. Haskins akasema arudie. Alirudia mara sita. Mara ya sita Haskins akafunga kitabu chake, akasema Jumatatu saa kumi alfajiri, na aje na glavu.

Etelka alisikia habari akaichukua barua ya Roza, akaandika jibu fupi nyuma ya bahasha. Halafu akauliza kishikamlima kitarudishwa lini. Yeye huendesha gari lile kwenda kanisani.

Andor akakaa. Akasema hakiwezi kurudi. Kikirudi, mguu nao utarudi, na siku moja utamfanyia yale yale akiwa na maziwa ya watu.

"Kwa hiyo sasa tuna gari kama la kaka yangu wa Detroit," Etelka akasema.

"Ndiyo."

Akatoa koti msumarini akamwambia asimame basi, twende, maana kesho ni Jumapili na yeye hana nia ya kumrudia padri kinyumenyume.

Wakaenda darajani. Etelka alisimama katikati ya mpando, taa nyekundu, akauondoa mguu kama mwanamke yeyote wa South Bend, na gari likaanza kurudi. Andor alisema breki. Likashika. Nyuma yao mtu alipiga honi. Etelka akateremsha kioo, akatoa mkono nje akamwashiria azunguke, kisha akaweka mguu palepale, akaanza upya.