Nilisema "Ilitumwa," Wakampiga Mwakio

Nimekosa jamani, tena nimekosa vibaya! Niiteni mwoga, niiteni muuaji, sitabisha.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Voi. Kule Marungu kuna uzio wa umeme wa kuzuia ndovu, na mimi ndiye niliyeandika programu inayomtumia mlinzi barua pepe uzio ukiguswa. Mlinzi alikuwa Mwakio, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Akalalamika kwamba simu inalia kutwa kwa mambo ya bure, mara mbuzi, mara betri imeshuka.

"Ndugu yangu, nipangie hii kitu ilie tu kama ni ndovu."

Kazi rahisi! Kila ujumbe una namba ya umuhimu, moja hadi tano. Nikaipanga simu yake ilie kwa ujumbe wa dharura peke yake. Ujumbe wa mbuzi nikaupa tatu, wa ndovu nikaupa tano, nikidhani tano ndiyo kubwa, kama alama za mtihani. Kumbe moja ndiyo ya dharura, na tano ni ya kusomwa ukipata nafasi! Sikuijaribu hata mara moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda harusini kule kijiji cha Wusi.

Siku ya nne, jua likielekea kuzama, ndovu wakakata waya. Mama Wakesho, mkulima wa pale Marungu, alikuwa shambani akivuna pojo. Dume mmoja alimtupa, akamkanyaga, akarudi akamkanyaga tena. Nilipofika kule, tulichopata tulikibeba kwa leso mbili.

Nilifungua kompyuta. Ujumbe ulikuwa umemfikia Mwakio kimyakimya, dakika ishirini kabla ya kifo. Dakika ishirini! Nikaifuta ile tano, nikaandika moja, nikanyamaza.

Asubuhi nikiwa na Mwakio kwenye kibanda chake cha ulinzi, watu wakaja na rungu na mawe. Mwakio akainua simu yake. "Haikulia! Naapa kwa Mungu haikulia!"

Mtoto mkubwa wa marehemu akanigeukia. "Wewe wa kompyuta, hiyo email ilitumwa ama haikutumwa?"

"Ilitumwa," nikasema.

Neno moja tu, jamani! Wakamvamia. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Jiwe likampasua jicho la kushoto, na bado alikuwa akiniita, "Ndugu yangu, waambie!" Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Alifutwa kazi. Jicho halikupona. Mke wake alinishukuru kwa matunda niliyompelekea hospitalini, nami nikazipokea shukrani zake. Siku hizi simu yoyote ikilia natoka jasho.

Nyinyi mnaoandika programu, someni maagizo, msikisie! Jaribuni kitu chenu kabla mtu hajakitegemea. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu wameshika mawe. Ukingoja, uongo unaota mizizi, kuung'oa huwezi.

Mimi nimengoja. Juzi Mwakio alikuja kwangu na bintiye, anaomba nimwandikie barua ya kudai kazi yake. Anataka jina langu liwe chini pale, kama shahidi wake kwamba simu haikulia.